Siku Meza Ilipopanga Foleni ya Maji

Mheshimiwa Diwani uliyeacha shughuli zako ukaja kwetu. Ndugu Optatus, Mwenyekiti wa Umoja wetu wa Wenye Mashine za Sarafu Masasi na Newala. Baba Padri na Shehe wetu mliochagua kukaa benchi moja. Ndugu wenye meza za pool na ndugu wenye mashine za muziki. Mzee wetu Zabroni tunayekuaga leo, na Mama Ethel uliyemvumilia miaka yote akirudi nyumbani ananuka petroli. Nanyi akina mama wa Kitangari mlioteremka alfajiri juu ya lori la korosho: wakubwa wangu wote, shikamooni. Wenzangu, poleni na safari.

Marahaba ya watu wa juu nimeisikia. Ya watu wa Masasi imekuwa hafifu, na nyinyi ndio mnaotucheka kwamba sisi huko juu mlimani, kwa kukosa maji, tunanawa umande. Sasa kama maji mnayo, makoo yamewakaukia nini? Haya, hapo sawa. Nimeridhika.

Mwenzenu ninaitwa Winfrida, ila wengi mnanijua kwa jina la Mama Glory, msimamizi wa meza ya pool ya Ndugu Optatus pale Kitangari. Shule yangu iliishia darasa la saba. Huyu aliye mgongoni anaota meno, na usiku wa jana hakuniachia hata lepe la usingizi, kwa hiyo nikipiga miayo katikati ya maneno msione ni dharau. Ni yeye.

Mwenyekiti ameniambia nisome habari za mwaka za wenzetu, nimuage Mzee Zabroni kwa niaba ya wasimamizi wote, kisha nitoe jibu langu. Najua wengine mmekuja kwa ajili ya hilo jibu tu, wala siwalaumu. Kwa wageni wasiojua, nieleze. Mzee Zabroni ndiye aliyekuwa akipanda na pikipiki kila mwisho wa mwezi, akifungua visanduku vya sarafu, akibadilisha vitambaa vilivyochanika, akinyoosha fimbo zilizopinda, na funguo zote za mashine za juu zilikuwa zikining'inia kiunoni mwake kwenye pete moja ya waya. Sasa anapumzika. Wenye mashine wameniomba mimi niivae pete hiyo, nihamie hapa Masasi na wanangu, niwe ninapanda na kushuka kama yeye. Nikikataa, wamesema meza zote za juu zitashushwa kabla mvua haijakata barabara, kwa sababu hawana mtu mwingine wanayemwamini. Meza zikishuka, sisi wasimamizi tunabaki kutazamana. Korosho inalipa mara moja kwa mwaka, jamani. Sabuni, dagaa na daftari za watoto vinatoka kwenye meza. Kwa hiyo hilo jibu, ingawa sisi ni watu wa michezo, si la mchezo.

Lakini tuanze na furaha, maana mwaka huu furaha ilikuwepo tele.

Ndugu yetu Dickson amepona mguu ulioangukiwa na jiwe la ndani ya meza, na leo amekuja bila fimbo ya kutembelea. Ile aliyoishika ni ya kuchezea. Ndugu Cecil wa Lisekese bado anahangaika na mashine yake ya muziki. Wenyewe mnajua: mtu anatumbukiza sarafu achague rumba, inatoka taarabu, anachagua kwaya, inatoka taarabu ile ile. Baba Padri amelalamika kwamba wanakwaya wake siku hizi wakifika kwenye Bwana utuhurumie wanatikisa mabega. Cecil, tunakuombea. Wengine wetu tunaomba isitengenezwe.

Na habari kubwa kuliko zote, Edmund wetu wa Newala amemwoa Lois. Harusi ile ilifana. Wenye mashine wote wa Masasi na Newala walikuwepo, walicheza, walikula, walilala huko huko. Na hapo ndipo habari ya Kitangari inapoanzia, maana Mzee Zabroni naye alikuwa harusini, amevaa suti ya kuazima, na funguo zetu zote zilikuwa zinacheza naye.

Mnakumbuka msimu uliopita ulivyokuwa. Tangu mambo yawe ruksa, kila mnunuzi anapanda na mizani yake na noti zake mpya, na bei ya korosho ilikuwa imetuchangamsha. Vijana wa Kitangari wakawa na noti. Lakini meza haili noti, inakula sarafu ya hamsini. Basi vijana wakawa wanakwenda kwenye kioski cha maji kwa dada yetu Stamili, wanavunja noti zao, wanarudi kucheza. Stamili naye akafurahi kwamba amepunguziwa mzigo wa vyuma. Nani aliwaza kesho? Hakuna. Mimi sikuwaza, Stamili hakuwaza, na nyinyi wenye meza huku chini ndio kabisa, mlikuwa mnafurahi kusikia kisanduku kimejaa.

Pale kwetu ndoo mbili za maji ni hamsini moja. Asubuhi ya siku ya pili ya harusi, akina mama wamefika bombani na ndoo zao, foleni imekwenda mpaka kwenye mikorosho ya shule, kila mmoja ana noti mkononi. Stamili akawaambia, "Mama zangu, chenji sina."

"Huna kiasi gani?"

"Sina hata moja. Zote zimekwenda kwenye meza."

Kukopesha haruhusiwi, kamati ya maji ilishaungua kwa mikopo. Kwa hiyo maji yapo, fedha ipo, na watu wana kiu. Hebu niambieni, ndugu wageni waalikwa, mmewahi kuona kijiji kizima kimefungiwa ndani ya kisanduku kimoja, na ufunguo umekwenda kucheza harusi?

Wakaja kwangu. Bibi Somoe ndiye aliyekuwa mbele. Yule pale, mwenye khanga ya njano, anajifanya hanisikii. Akaniuliza, "Mama Glory, sarafu zetu ziko wapi?"

Nikamwambia, "Zimo humu, Bibi, ila ufunguo anao Mzee Zabroni, yuko Newala."

"Nawe umeteka maji?"

"Sijateka. Ndoo yangu ni ile ya bluu, iko katikati ya foleni."

Akaizunguka meza, akaigonga tumbo. Akasema, "Sarafu zetu zimo tumboni mwa huyu. Basi mwenye haki ya maji leo ni huyu. Akapange foleni kama wenzake."

Nilidhani ni utani. Akina mama wakaingiza miti chini ya meza, wakaiinua na jiwe lake. Vijana walikuwa katikati ya mchezo, mmoja akalia, "Bibi, ngojeni jamani, imebaki nyeusi tu!"

"Nyeusi utaimalizia bombani."

Wakaondoka nayo wakiimba, ule wimbo wa kumtoa mwali nje, mnaujua, na vijana nyuma na fimbo zao mabegani kama askari walioshindwa. Wakaitua kwenye foleni, nyuma ya ndoo ya mama mmoja wa kanisani, mbele ya madumu ya mwalimu. Nikawafuata, mtoto mgongoni, kwa sababu meza ni ya watu na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Sikujua nicheke au nilie. Nilichojua ni kwamba Ndugu Optatus akisikia, kazi sina.

Stamili akachungulia dirishani, akasema, "Mimi siuzii meza maji."

Bibi Somoe akamjibu, "Na sisi hatuondoki mpaka imeteka."

Kijana akatumwa mbio na baiskeli mpaka Newala. Jua likapanda, watoto wakaanza kulia, na wazee wa serikali ya kijiji wakaja wakasema mbele ya watu wote: mashine hizi zikishatoka hapa leo, zisirudi tena. Sikilizeni hapo. Siku ile tulikuwa tumekwisha.

Mzee Zabroni akafika na suti yake, ua la harusi bado lipo kifuani. Nimewahi kuona wanaume wengi wakikutwa na kosa lao mbele ya wanawake wenye hasira. Wengine hufoka, wengine hutafuta wa kumsukumia. Yeye alizima pikipiki, akavua koti, akasema, "Shikamooni, akina mama. Nimewachelewesha." Basi. Akapiga goti kwenye vumbi na suruali ile aliyoazima, akafungua kisanduku, sarafu zikamwagika kwenye ndoo. Stamili akachukua sarafu, akatoa noti, bomba likafunguliwa. Mnadhani aliondoka? Alisimama pale akiwatwisha akina mama ndoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka foleni ilipokwisha. Wazee wa kijiji walibaki kumtazama. Mwenyekiti wao akasema, "Huyu mtu wa chini, kumbe amelelewa vizuri." Hawakuzungumza tena habari ya kufukuza mashine.

Kisha akafanya jambo ambalo ndilo limetufikisha leo. Akauchomoa ufunguo wa Kitangari kwenye ile pete, akanipa, akaniambia, "Mwanangu, huu usinirudishie. Ulale hapa hapa." Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Ndugu Mwenyekiti, usiinamishe kichwa, tunakupenda. Ulimfokea Mzee huyu mpaka majirani wakatoka nje. Ulimwambia, "Zabroni, umempa fisi bucha!" Naye akakujibu, "Fisi ameshiba, Optatus. Waliokuwa na kiu ni watu." Na huku anajua kwamba fedha ile ikipotea, atakatwa yeye.

Haikupotea. Tangu siku ile, kila asubuhi ninafungua kisanduku, Stamili anakuja na noti, anaondoka na sarafu. Jioni zinarudi kwenye meza, asubuhi zinarudi bombani. Mama anayeteka maji na kijana anayecheza wanatumia sarafu ile ile, na hakuna anayemlaani mwenzake. Meza imekuwa ya kijiji. Mvua ikinyesha ghafla, hata Bibi Somoe anakimbia kuifunika, halafu anatukana kwamba amelowa kwa ajili ya upuuzi.

Mzee Zabroni, baba yetu, sisi wasimamizi tunakushukuru. Ungeweza kutuogopa, ukatuamini. Mama Ethel, tunakurudishia mume wako akiwa mzima, ila masikio yameharibika kidogo kwa pikipiki. Ukimwita, ita mara mbili. Mungu awape uzee mwema na mikorosho inayozaa.

Sasa jibu.

Ndugu zangu wenye mashine, mmeona hesabu za Kitangari zimenyooka, mkadhani siri ni Mama Glory. Mkasema, tumpe funguo zote huyu, ni mwaminifu. Nimefurahi, sitasema uongo. Hakuna aliyewahi kunipa jambo kubwa kiasi hicho. Lakini siri si mimi. Mkinivalisha pete ile nikahamia Masasi, mtakuwa mmemtoa Zabroni wa suruali mkamweka Zabroni wa khanga. Siku Glory atakapougua homa, au huyu wa mgongoni, nitakuwa nimeketi hapa Masasi na vijiji vyote kiunoni. Na huko Newala mjini au kijiji kingine cha juu, Bibi Somoe mwingine ataingiza miti chini ya meza yenu, na sina hakika kama ataishia kuipanga foleni.

Kwa hiyo kazi nimeikubali. Tulieni, sijamaliza kusema. Nitapanda na kushuka, nitabadilisha vitambaa, Mzee amenifundisha. Nitaleta hesabu kila mwisho wa mwezi. Baba Glory amekubali kubaki na watoto siku hizo, mnamwona pale ana wawili, mmoja amemlalia. Lakini nitaishi Kitangari. Na pete siichukui. Kila ufunguo utakaa kwenye kijiji chake, mkononi mwa msimamizi wake, na kila msimamizi atakwenda kuzungumza na watu wa maji kama nilivyozungumza mimi na Stamili. Mkilitaka hilo, mnanipata. Msipolitaka, shusheni meza zenu, nami nitawasaidia kuzipakia, bila chuki.

Nawauliza sasa hivi, kabla ya wali, kwa sababu mtu akishashiba anakuwa mgumu. Wenye mashine mnaokubali, nyoosheni mikono.

Edmund, asante. Lois naye ananyoosha, mwacheni, ni mwenye mashine sasa. Dickson. Cecil, asante kaka, ingawa yako hata ufunguo haisikii. Ndugu Optatus? Mwenyekiti wangu, mkono huo umeunyoosha au unajikuna?

Umenyooka. Mheshimiwa Diwani ameshuhudia.

Basi Mzee Zabroni, nakuomba uje hapa mbele na pete yako. Wasimamizi wa juu, simameni mlipo, mje mmoja mmoja mchukue kilicho chenu kwa mkono wa kulia, na mumpe Mzee shikamoo yake ya kazi. Akina mama wa Kitangari, wimbo mnao, msisubiri kuombwa. Nami niketi, miguu imechoka. Mmenivumilia na miayo yangu mpaka mwisho, Mungu awalipe. Asanteni sana kwa kunisikiliza.