Bi Rabab Noorali na Harusi Isiyokuwa na Bwana Harusi

Ifikapo tarehe 30 Juni, 2007, Bi Rabab Noorali ataufunga mlango wa ofisi ya Mtandao wa Wanafunzi wa Usawa wa Jinsia katika Sera, baada ya kuutumikia kwa miaka ishirini na moja, na ufunguo atatuachia sisi. Wanaotujua wameshaanza kutupa pole. Mimi, Hashil Mazin, msaidizi wake tangu mwaka 1992, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nilichelewa kikao cha maandalizi, na waliowahi walikuwa wameshagawana kazi nyepesi.

Bi Rabab alizaliwa Hurumzi mwaka 1947, mtoto wa Bwana Noorali aliyekuwa akiuza vifungo na nyuzi. Alisomesha hisabati katika skuli za mjini kwa miaka mingi, na wanafunzi wake wa zamani bado huvuka njia wakimuona, si kwa chuki, bali kwa kuhofia kuulizwa jedwali la kumi na tatu. Mwaka 1986 aliombwa awe mlezi wa kilabu chetu cha midahalo kwa wiki mbili, mpaka apatikane mtu. Mtu mwenyewe hajapatikana hadi leo. Kilabu kikakua, kikapata wanachama kutoka skuli na vyuo mbalimbali vya Unguja, kikasajiliwa mwaka 1996 kwa jina refu hilo mlilolisoma hapo juu, naye akawa mratibu wake wa kwanza na wa pekee. Kazi yetu ilikuwa kusoma kanuni na sera zinazotungwa na kuuliza, kila mara, mwanamke yuko wapi humu.

Kwa kuwa tulikuwa hodari wa kuuliza wengine, haikutupitikia kujiuliza wenyewe. Kwa miaka sita mfululizo tulichagua mwenyekiti mwanamme na katibu mwanamke, na hoja yetu ilikuwa kwamba wasichana wana mwandiko mzuri. Bi Rabab hakugomba wala hakutusomea somo la usawa. Alitoa agizo dogo tu kwamba kuanzia kikao kijacho mwenyekiti ndiye atakayeandika kumbukumbu. Ghafla wanaume wote tukagundua kwamba wenzetu wa kike wana vipaji vikubwa vya uongozi, na mwaka ule ule tukamchagua mwenyekiti wa kwanza mwanamke kwa kura zote.

Maandishi yetu nayo yalimpa kazi. Tamko letu la kwanza lilikuwa na maneno mazito kiasi kwamba sisi wenyewe tulilisoma kwa heshima bila ya kulielewa. Bi Rabab alilichukua, akateremka nalo dukani kwa baba yake, maana ofisi yetu ilikuwa ghorofani juu ya duka hilo, akamsomea mama mmoja aliyekuja kununua zipu. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza: "Kwani hapo kinauzwa nini?" Tamko liliandikwa upya, na tangu siku hiyo hakuna karatasi iliyotoka ofisini bila ya kupita dukani kwanza.

Lakini tukimtaja Bi Rabab, watu wa mjini hawakumbuki matamko. Wanakumbuka harusi ya mwaka 1998, na kwa kuwa habari hiyo imeshaongezwa chumvi kwenye kila baraza, naomba niieleze kama ilivyokuwa.

Kulikuwa na chuo kimoja cha ualimu, ambacho sikitaji kwa sababu mwenyekiti wa bodi yake wa wakati huo, Mzee Kificho, ni mgeni wetu katika sherehe hii ya kumuaga. Kanuni za chuo hicho zilisema kwamba mwanafunzi wa kiume akioa apewe ruhusa ya siku saba za fungate. Mwanafunzi wa kike akiolewa, apewe barua ya kuacha masomo. Mwanachama wetu Mwatum, msichana wa Chukwani, aliolewa Mfunguo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani, na kijana wa darasa lake. Bwana harusi alikwenda fungate, akarudi, akapigiwa makofi. Mwatum alirudi akakuta barua. Alikuwa amebakisha muhula mmoja tu kabla ya mtihani wa mwisho, na asingeufanya mtihani ule, miaka yake yote ya kusoma ingekuwa ya bure. Alikuja ofisini hina haijamtoka mikononi, akakaa kwenye kiti cha wageni. Bi Rabab alimuuliza kama ameshakula.

Tulikwenda kwa Mzee Kificho. Alitupokea vizuri, akatuagizia kahawa, akasema yeye binafsi hana tatizo, ila kina mama wenye mabinti chuoni hawatokubali mke wa mtu alale dakhalia moja na wanawali. Tukitaka kanuni ibadilike, basi tumletee kauli ya kina mama wenyewe, naye atakuja kuisikia kwa masikio yake. Tulitoka pale tumefurahi sana. Kina mama, tuliona, ndio watu wetu.

Kamati ya maandalizi, ambayo mimi nilikuwa mmoja wa vichwa vyake, ikachapisha kadi nzuri zenye mstari wa dhahabu na kuzisambaza majumbani. Siku ikafika, ukumbi wa skuli tuliopewa Vuga ukajaa, na wote waliojaa walikuwa wanaume. Kadi imechapishwa, kwa hiyo ni jambo la kiofisi, na jambo la kiofisi huendewa na mwenye nyumba. Kina mama hata hawakujua kama wamealikwa. Mwanamke wa mjini kwetu haitwi kwa kadi. Hualikwa kwa mdomo, na mtu aliyevaa akapendeza, aliyesimama mlangoni kwake na kumtaja kwa jina. Sote tulikuwa na mama na dada na tulilijua hilo tangu utotoni, lakini tulipokuwa tukipanga mkutano tulikuwa tunafikiri kama ofisi. Wale wanaume walijadili shida za wanawake kwa saa mbili, wakala biskuti zote, wakapitisha kwa kauli moja kwamba wanawake washirikishwe, wakaenda zao kusali. Mzee Kificho alitushukuru kwa mkutano mzuri.

Usajili wa mtihani ulikuwa unakaribia kufungwa, na Mwatum alikuwa ameacha kuja ofisini. Mimi nilipendekeza tuchapishe kadi nyengine zenye maneno "kwa kina mama tu". Bi Rabab alivaa viatu vyake akaenda Mwembetanga kwa Bi Sichana.

Bi Sichana alikuwa muwalishi. Kwa miaka thelathini hakuna harusi kubwa ya mjini iliyofana bila ya yeye kuzunguka nyumba kwa nyumba, buibui limenukia udi, akialika. Bi Rabab alimueleza kwamba safari hii ni mkutano, na Bi Sichana, kwa uaminifu wake, aliwaambia watu kwamba ni mkutano. Hakuna aliyemsadiki. Bi Sichana akisimama mlangoni ni harusi. Watu walidhani wenye harusi hawataki tu itangae mapema.

Jumamosi baada ya alasiri walikuja. Walikuja na dhahabu zao, na vikuba vya asumini, na watoto waliovalishwa mpaka wakashindwa kukaa, na kina mama wawili wamekuja na ngoma zao. Mimi nilikuwa mbele ya ukumbi nasimamisha ubao wa ajenda. Mama mmoja mnene akanijia, akaniuliza: "Mwanangu, bi harusi yuko wapi? Na wewe mwanamme watafuta nini humu?" Nikaanza kumueleza malengo mahsusi ya mkutano. Nilitolewa nje pamoja na ubao wangu, na yote yanayofuata niliyasikia kupitia dirishani, nimesimama juu ya ndoo pamoja na mume wa Mwatum.

Walitaka kumtoa na Mzee Kificho, aliyekuja tena kuisikia kauli ya kina mama kama alivyoahidi, lakini sauti ya mwanamke ikasema: "Huyo mwacheni akae, namjua mimi." Alikuwa Bi Shemsa, mkewe.

Sisi wa dirishani tulikuwa tumeshakata tamaa. Watu wamekuja harusini, wanataka bi harusi, na tulichonacho ni rasimu ya kanuni. Bi Rabab hakutikisika. Alimshika Mwatum mkono, akapanda naye jukwaani, akamkalisha kwenye kiti cha mwenyekiti, na vigelegele vikapigwa mpaka tukaziba masikio. Vilipotulia akasema: "Bi harusi wenu ndiye huyu. Kaolewa Mfunguo Mosi, na chuo kimempa zawadi ya kumfukuza."

Mwatum, ambaye hakuwa amejiandaa kusema lolote, alisema maneno machache tu: "Mimi nnataka kumaliza. Mume wangu yumo darasani mpaka leo. Jioni namuuliza wamesoma nini, naye anasinzia darasani, hajui." Pale dirishani, mtajwa alishuka kwenye ndoo.

Kina mama wakacheka, na Bi Shemsa akasimama. Hakupandisha sauti. "Bwana Kificho," akasema, "sisi tuliowana tukiwa darasa moja, chuo hichihichi. Wewe ulipewa fungate. Mimi nlipewa nini?"

Mzee Kificho alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akasema bodi itakaa. Akaulizwa kwa nini isikae sasa hivi, na watu wameshajipamba. Akasema wajumbe ni wawili tu ukumbini, yeye na mama mmoja wa bodi, na kanuni inataka watatu, na wa tatu yuko kwake Mbweni. Hapo Bi Sichana akainuka, akajitanda buibui lake, akasema nyumba hiyo anaijua. Mjumbe wa tatu aliletwa kabla ya magharibi akiwa na kanzu ya nyumbani. Bodi ikakaa kwenye darasa la pembeni, na ilipotoka, ruhusa ya fungate ilikuwa ya mwanafunzi yeyote anayefunga ndoa, na barua ya kuacha masomo haikuwa ya mtu. Kisha ngoma ikapigwa, kwa sababu haiwezekani kuwarudisha watu majumbani hivihivi. Bi Rabab alicheza, na anacheza vibaya.

Mwatum alifanya mtihani wake akapasi, na leo anasomesha Kizimkazi. Mumewe pia alipasi, ila tusiulizane alama. Mimi nilipewa kazi ya kuwaandikia wafadhili ripoti, nikaandika kwamba tulitumia mbinu shirikishi ya uhamasishaji wa jamii. Waliipenda kiasi cha kunialika Dar es Salaam kuifundisha. Nilikwenda, nikaifundisha siku mbili kwa michoro na mishale, na sikumtaja Bi Sichana hata mara moja kwa vile sikujua ni mshale gani wa kumuwekea.

Bi Shemsa aliomba kurudi chuoni muhula uliofuata. Alikuwa na watoto wanne, na mkubwa wao alikuwa anakaribia kumaliza skuli. Alisoma miaka miwili, na siku ya mahafali mwenye kazi ya kugawa vyeti alikuwa mwenyekiti wa bodi. Jina la mkewe liliposomwa, Mzee Kificho alisimama kabla hajafika, na alimpa cheti kwa mikono miwili. Akakishikilia. Bi Shemsa akamwambia, na safu za mbele tukasikia: "Basi, Bwana. Kimefika." Bi Rabab alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Analia mara chache sana, na siku ile alilia bila ya kujificha, nami nikampa leso yangu, ambayo naomba nitumie nafasi hii kumkumbusha kuwa hajairudisha.

Baada ya hapo yalikuja mengine. Zilisomwa rasimu nyingi, na wanachama wetu kadhaa wamo leo katika kamati na ofisi zinazotunga sera, wakiwauliza wenzao lile suali letu la siku zote. Ni kazi ya Bi Rabab zaidi kuliko yetu. Sisi mchango wetu unaonekana katika zawadi ya kumuaga, ambapo wanaharakati wa usawa wa jinsia, baada ya vikao vitatu, tulikubaliana kumnunulia jiko la gesi. Mweka hazina wetu Arwa, mwenye miaka ishirini, alituuliza tungemnunulia nini kama angekuwa mwanamme. Zawadi imebadilishwa.

Bado wanakuja ofisini wasichana wenye hina mikononi. Wanasimama mlangoni wakisita, wanauliza kama ni kweli mtu anaweza kuolewa na akaendelea na masomo. Sisi tulioko mezani tunawajibu ndiyo, bila hata ya kuinua kichwa, halafu tunaendelea na kazi zetu. Wao huenda zao wakicheka, hawajui kwamba palikuwa na wakati jibu lilikuwa jengine, na hawana haja ya kujua. Bi Rabab, ahsante kwa "ndiyo" hiyo tunayoitoa kirahisi hivi. Mungu akupe afya, raha na umri mrefu huko Hurumzi, na asubuhi ukiamka bila ya kikao cha kwenda, ujue kwamba sisi tuko kikaoni, tunakosea kitu, na tunakupenda.