Vyeti Vyetu Visubiri

Mgeni rasmi, Mama Margareta, mwenye mabasi ya wanafunzi ya njia ya Marangu; Mkuu wa Chuo, walimu na wazazi wetu, shikamooni.

KARIBU

Sisi wahitimu kumi na wanne wa ufundi magari tunakukaribisha Shirimatunda kwa furaha na kwa hofu. Furaha, kwa sababu umeahidi kuajiri wanne wetu kuanzia Jumatatu. Hofu, kwa sababu hiyo hiyo.

TULIKOTOKA

Tumesoma miaka miwili. Gari la mafunzo ni moja, liko juu ya matofali, nasi tumelibatiza Mstaafu. Halina mafuta ya breki, hivyo namna ya kutoa hewa kwenye mabomba ya breki tuliinakili tu kutoka ubaoni. Mwalimu alitufariji kwamba hilo tutalikuta gereji. Tulipopelekwa gereji kwa miezi miwili, fundi akasema hilo tulipaswa kutoka nalo chuoni, akatupa ndoo tuoshe magari.

MAFANIKIO

Wote tumefaulu mtihani wa nadharia. Vitabu vyetu vya mafunzo kazini vimejaa sahihi.

CHANGAMOTO

Mficha maradhi kifo humuumbua, basi tunasema. Mwezi wa Aprili, tukiwa gereji, fundi alitoka kidogo, akamwachia mwenzetu Aikaeli pikapu ya kubeba maziwa. Aikaeli akafunga breki mpya, hewa akaiacha ndani. Kwenye mteremko dereva, mzee Wilson, akakanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Pikapu ilisimamishwa na migomba ya watu. Hakuumia mtu. Mzee Wilson alirudi gereji kwa miguu, akamshika Aikaeli mkono, akamwuliza, "Mwanangu, hukufundishwa?"

Swali hilo ni letu sote. Kitabu cha Aikaeli cha mafunzo kazini kilisainiwa kurasa zote siku moja, siku ya mwisho. Kwa tarehe ya ajali ile kinasema: "Amefunga breki. Vizuri." Mama, Aikaeli ni mmoja wa wanne uliowachagua, na ulituambia kuwa kitabu chake ndicho kilichokuvutia.

MAOMBI

Tunaomba chuo kipate gari linalotembea. Tunaomba pia mwalimu wetu aje gereji kwako na fundi wako mkuu aje darasani, wakubaliane nani anafundisha nini, nasi tukae chini yao miezi mitatu. Asisaini mtu kazi ambayo hakuiona kwa macho yake.

La mwisho tulilipigia kura jana, wakapinga wawili tu. Usitukabidhi vyeti leo.

Tunajua wazazi wameshachinja na pombe ya mbege iko tayari. Tunaogopa kuwaaibisha. Mama, ukiona vigumu kuvirudisha vyeti mbele ya watu wote hawa, basi tukabidhi, tutapiga picha na tutashukuru. Ila Jumatatu asubuhi, tafadhali, watoto waende shule kwa miguu.

Mungu akulinde wewe, na kila anayepanda na kushuka mlima huu.

Ni sisi,
Wahitimu wa Ufundi Magari, Shirimatunda.
Imesomwa kwa niaba yao na Doris Ezra.