Bikoni ya Elieth

Kijiwe cha kahawa cha Nkuhungu hakina jina. Kina benchi moja la mbao na jiwe moja la zege kando yake, basi. Saa kumi jioni Salha huja na birika na jiko lake la mkaa, na wateja wake hawahitaji kuitwa. Kuna Hanifu, fundi cherehani, anayeitwa Baraza kwa sababu huongea kama ametoka kwenye kikao cha mawaziri sasa hivi. Kuna Lameck, anayeitwa Diwani. Aligombea udiwani mara mbili, na mara zote mbili alipigiwa kura na ndugu zake, tena si wote. Na kuna mzee Yoramu, Tarishi, aliyebeba mafaili ya serikali miaka ishirini na tisa bila kufungua hata moja. Yeye hakai kwenye benchi. Hukaa kwenye jiwe, juu ya kigodoro cha kitenge.

– Elieth amekonda, mmemwona? alisema Salha siku hiyo akimimina kahawa. Asubuhi kanipita njiani hata salamu hajaimaliza.

– Atanoneaje? alijibu Lameck. Kesho wapima ardhi wanakuja. Yule jirani yake aliyehamia na wizara anasema jiko la Elieth na vyumba vyake viwili vya wapangaji vimo ndani ya kiwanja chake. Hatua nne nzima.

– Ramani inasemaje?

– Ramani ziko mbili, ya zamani na mpya. Moja inampa Elieth, nyingine inampa jirani, na zote zina mihuri. Ingekuwepo bikoni ya kona, lile jiwe la mpaka, kesi ingekwisha kabla chai haijapoa. Bikoni yenyewe haionekani.

– Na vile vyumba ndivyo vinavyomlisha tangu mumewe afariki, alisema Salha.

Yoramu alipiga funda kubwa, kahawa ikamuunguza ulimi. Bikoni ilikuwa chini ya makalio yake.

Zamani, greda lilipopita kuchonga barabara, lililing'oa jiwe lile nusu nusu kwenye kona ya kiwanja cha Elieth. Yoramu alikuwa anatoka kazini. Akaliona limeinama, akakumbuka kwamba benchi halitoshi, akalibingirisha taratibu mpaka kijiweni. Nani angemuuliza? Siku hizo mtaa ulikuwa vichaka vitupu, makao makuu yalikuwa yanakuja kila mwaka bila kufika, na jiwe lilikuwa jiwe tu. Baadaye Elieth alimsikia akilalamika kwamba baridi ya zege inampanda kiunoni, akamshonea kile kigodoro kwa mkono wake mwenyewe.

– Ugonjwa wa mji huu ni mabwana wengi, alianza Hanifu. Zamani ardhi ilikuwa na mwenyewe, mamlaka ya ustawishaji, na watu walikuwa na mwenyewe, manispaa. Ukitaka kuchimba choo unakwenda kwa mwenye ardhi. Choo kikijaa unakwenda kwa mwenye watu.

– Na hati ilikuwa ya miaka thelathini na tatu, alisema Lameck. Kwa mishahara yetu ile, ukimaliza kujenga umebakiza miaka miwili ya kulala ndani.

– Sasa si tumekuwa jiji? aliuliza Salha. Mabwana wamepungua.

– Wamepungua wapi, dada? Simama barabara ya Mtumba asubuhi. Kila anayekupita ni mkubwa wa kitu fulani. Mimi nawaambia, serikali haikuletwa hapa kwa sababu ni katikati ya nchi. Walitafuta mahali ambapo mlalamikaji atachoka mapema. Jua hili, vumbi hili. Mtu akifika dirishani ameshasahau alichokuja kudai.

– Mbona wewe huchoki kulalamika?

– Nimezaliwa hapa. Nimeshazoea.

Lameck aliweka kikombe chini, ishara kwamba sasa anahutubia.

– Hamjui kitu nyie. Mchoro wa kwanza wa mji huu ulikuwa wa watu wa miguu. Bustani, vivuli, mtu unatembea mpaka ofisini. Magari hayakupewa hadhi. Kwa hiyo, kisheria, magari haya yote hayapo. Na jirani wa Elieth ana matatu. Ukifuata mchoro, huyo bwana mwenyewe hayupo. Asiyekuwepo atadaije kiwanja?

– Kamwambie hivyo kesho, alisema Salha.

– Mnazunguka tu, alidakia Hanifu. Angalieni jina la mji. Tembo alipozama pale mtoni Wagogo walisema nini? Idodomya, amezama. Sasa ardhi iliyommeza tembo itashindwa na bikoni? Mji unashuka kidogo kidogo kila mwaka. Unadhani kwa nini wakubwa hawaachwi wakae hapa muda mrefu? Wanahamishwa wasizame. Bikoni ya Elieth iko chini huko na yule tembo. Tarishi, wewe ndiye Mgogo hapa. Uongo?

Yoramu alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, fupi tu, lakini lilikuwa limekaa kifuani muda mrefu mno.

– Tembo alizama, alisema, akaufunga tena.

Hapo akatokea msichana mwenye viatu vizito na kizibao chenye mistari ya kung'aa, kabeba mkoba wa makaratasi. Akasema anaitwa Anna, ni mpima ardhi, amekuja kuangalia eneo kabla ya kesho.

– Shikamooni wazee.

Yoramu akasimama. Miaka ishirini na tisa ya kusimama kila apitapo mtu wa serikali ilimwinua kabla hajafikiri. Kigodoro kikadondoka mavumbini. Msichana akainama akamwokotea, akabaki ameinama. Akafuta jiwe kwa kiganja. Katikati palikuwa na chuma, na pembeni nambari. Akatoa karatasi yake, akasoma, akasoma tena jiwe.

– Hii ndiyo tunayoitafuta, alisema.

Elieth alikuwa ameshaona kile kizibao akiwa getini kwake. Alikuja mbio, kanga imemlegea kiunoni.

– Imeonekana?

– Imeonekana, mama. Lakini imehama. Bikoni ikishahama haina kazi. Anna akawageukia wa kwenye benchi, bila hasira yoyote. Wazee, ilikuwa imesimama wapi?

Hanifu akatazama ndani ya kikombe. Lameck akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

– Nililitoa mimi, alisema Yoramu.

– Wapi, babu? Nionyeshe tu. Hata kwa mguu.

Akaenda nao mpaka konani. Upande mmoja ukuta mpya wa jirani, upande wa pili jiko la Elieth, katikati kiuchochoro. Alikuwa anakumbuka mti wa mkungugu, jiwe likiwa kivulini mwake. Mkungugu haukuwepo, hata kisiki. Akaweka mguu mahali, akauondoa. Akauweka pengine, akaona macho ya Elieth yanaufuata, akauondoa tena. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kila hatua ilikuwa chumba cha mtu, naye hakujua.

– Palikuwa na mti, alisema.

– Kaka Yoramu, alisema Elieth polepole. Wiki iliyopita nilikuuliza, pale pale kijiweni. Ukaniambia nimwombe Mungu.

Elieth akachukua kigodoro mikononi mwa Anna, akakikung'uta vumbi, upande mmoja kisha mwingine, akakitia kwapani na kwenda nacho nyumbani kwake.

Kijiweni, Hanifu alinyoosha kikombe chake kitupu.

– Imekwisha, alisema Salha akifunika birika, na wote waliisikia kahawa ikichezacheza ndani.

Yoramu alirudi akalitazama jiwe. Hakuna aliyemwambia aketi, naye hakuketi.