Simama Kwanza, Shikamoo Baadaye

Sista Kijakazi Awadhi anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Msimbazi kwa miaka thelathini na minne. Wodi ya wanaume sasa itapumua, ingawa yeye anaamini kwamba haitaweza kupumua vizuri bila yeye.

Aliajiriwa akiwa binti mwembamba wa Ilala, mwenye sauti ya kunadi bidhaa Kariakoo. Wembamba ulikwisha mapema. Sauti ipo hadi leo. Aliogopwa na wauguzi, na madaktari, na jamaa waliokuja kutazama wagonjwa nje ya saa.

Woga huo ulikaribia kutuponza. Masika fulani paa lilivuja, vitanda viwili vikabadilishwa nafasi. Asubuhi Sista, akiwa na sindano ya insulini mkononi, alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mansukhlal, muuza vitambaa, ambaye hakuwa na kisukari hata chembe. Zamzam, muuguzi mgeni, aliliona kosa. Lakini binti aliyelelewa vyema hamkatizi mkubwa wake bila salamu. Akapiga goti, akaamkia, akangoja. Sista hakuwa na haraka ya kuitikia. Marahaba ilipotoka, sindano ilikuwa imekwisha kugusa ngozi.

"Sista, huyo siye," Zamzam akasema. Sista akaiondoa sindano kabla dawa haijaingia.

Mzee Mansukhlal alieleza baadaye kwamba naye alikuwa na mashaka, ila hakuthubutu kuuliza. Neno hilo lilimchoma Sista kuliko sindano yoyote. Kesho yake, wakati wa kukabidhiana zamu, alitoa amri.

"Ukiniona nakosea, niambie simama. Shikamoo yangu nitaidai baadaye."

Tangu hapo, tunapojadili wagonjwa, aliye mdogo kazini ndiye huanza kusema, na daktari bingwa humaliza. Kila aliyemsimamisha Sista alipewa kashata. Muuguzi mwenzetu Vitalis alimsimamisha kwa sababu ya soksi zisizofanana, akala kashata yake bila haya. Daktari Elimringi aliposimamishwa na Zamzam, alinuna hadi saa ya chai, kisha akamshukuru mbele ya wodi nzima.

Wiki iliyopita Sista alitutangazia kwamba, hata akistaafu, atakuja kila asubuhi kutusaidia. Wodi nzima, ikiongozwa na Zamzam, ikamwambia asimame. Akatutazama mmoja mmoja, akafungua mkoba, akagawa kashata.

Ahsante, Sista. Kapumzike Ilala kwa afya na furaha. Tukikutana sokoni, tutakulipa shikamoo zako zote unazotudai.