Marehemu Mama Punda, Aliyefuata Majeraha Hadi Mlangoni

Marehemu shangazi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Punda, alizaliwa tarehe 14 Mei 1956, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, ambako aliadhibiwa kwa kumficha paka mgonjwa chini ya kitanda. Alihitimu chuo cha ustawi wa jamii mwaka 1979, akaajiriwa mwaka uliofuata. Mwaka 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani, mtu mpole kama maji ya mtungi.

Jina lake alilipatia kazini. Mwaka 1991 alimwona muuza maji akimchapa punda mwenye vidonda vibichi mgongoni. Mkuu wake wa kazi alicheka: "Sisi ni ustawi wa jamii, mama, si wa mifugo."

"Mkono uliozoea kupiga hauishii zizini," akajibu, akamfuata muuza maji hadi kwake.

Alimkuta mkewe jicho limevimba, na binti mdogo anayejificha kila mlango ukilia. Lakini mama yule alikataa kuondoka. "Punda ni wangu, kaniachia baba. Nikimwacha, atamuua."

"Basi tunaondoka naye," marehemu akasema.

Jioni ile fundi cherehani alimkuta punda kafungwa mlangoni pake. "Mke wangu, huyu mgeni au mkaazi?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Mama na bintiye walipata hifadhi kwa ndugu zao, muuza maji akafikishwa mahakamani, na punda akanenepa uani kwa fundi. Mtu akisema fadhila za punda ni mateke, marehemu aliuliza, "Na nani alianza?"

Tangu hapo, akiletewa mtoto anayetesa wanyama, hakuuliza, "Kwa nini umefanya hivi?" Aliuliza taratibu, "Nyumbani, nani anafanyiwa hivi?" Watoto wengi walilia hapo hapo, wakasema. Ofisi iliyomcheka ikaanza kuuliza vilevile.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Alivumilia matibabu huku akiwatania wauguzi, hadi asubuhi ya tarehe 3 Februari 2023, alipofariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, dada yake mkubwa, sisi wapwa zake, na nyumba nyingi ambamo watu sasa wanalala bila kusikilizia hatua za anayerudi.

Mola amlaze pema, apumzike kwa amani shangazi yetu.