Kufuli na Mada Moja Aliyokataa Kuifunga

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa tisa alasiri, msimamizi wa jukwaa la wanafunzi katika kozi yetu ya mtandaoni ya Takwimu za Mwanzo atazima kompyuta yake na kustaafu, baada ya miaka kumi na saba na miezi minne ya utumishi. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa jarida letu kwa sababu mimi ndiye ninayepokea meza yake, na kwa sababu wenzangu walipoombwa waliinama wote kwa pamoja kana kwamba wameangusha kalamu. Niseme mapema: ninampenda mzee huyu. Lakini amenichosha.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu, kila muhula kozi husajili watu zaidi ya elfu thelathini: wauguzi, mafundi, vijana wa vyuo, akina mama wenye watoto mgongoni. Hawaonani uso kwa uso. Anayekwama anaandika swali kwenye jukwaa, nasi huliita mada. Msimamizi anajibu, na mtu akiuliza jambo lililokwisha kuulizwa, msimamizi anaifunga mada hiyo ili mwulizaji aende akasome jibu la zamani.

Wanafunzi walimbatiza jina la Kufuli katika mwaka wake wa kwanza, naye akalipokea kama cheo. Kila alipofunga aliandika maneno yale yale: "Swali hili limeshaulizwa. Tafuta kwanza, uliza baadaye." Fundi wetu wa kompyuta amehesabu, ameyaandika mara elfu arobaini na moja, yote kwa vidole vyake viwili. Tulimweleza kwamba angeweza kuyanakili na kuyabandika. Alitujibu kwamba mtu anayefungiwa mlango anastahili angalau kufungiwa na mtu. Tukamwacha.

Hakuwa na upendeleo. Mwaka mmoja mkuu wa kitengo aliuliza jukwaani tarehe ya mtihani, akafungiwa mbele ya umati. Alipandwa na hasira, akaenda kutafuta, akakuta kweli swali lilishaulizwa, tena na yeye mwenyewe, wiki moja kabla. Na mke wa Kufuli, shemeji yetu sote, ametuambia kwamba nyumbani akiuliza miwani iko wapi hukumbushwa kuwa aliuliza hilo juzi.

Wiki iliyopita tulifungua mada ya kumuaga ili wanafunzi waandike salamu zao. Aliifunga baada ya dakika nne. Sababu? Mada ya kuaga ilikuwapo tayari, ile tuliyofungua mwaka jana kwa ajili ya mhariri wa video. Basi wanafunzi mia tisa wamemuaga Kufuli chini ya jina la mhariri wa video, na mhariri wa watu, aliyejipumzikia kwake, simu yake inalia mchana kutwa na ujumbe wa watu asiowajua wanaomwambia, "Ulitufungia sana mzee, ila tulifaulu." Amenipigia mara tatu.

Haki yake tumpe. Jukwaa letu ni safi kama nyumba inayosubiri wakwe. Wauza majibu ya mitihani hawakuwahi kufikisha saa ya chai. Wanaume waliowasumbua mabinti kwa ujumbe wa faragha waliondolewa bila kikao wala barua. Mtu mwenye swali jipya kweli alijibiwa siku hiyo hiyo, kwa mifano, kwa subira ambayo sisi wenzake ofisini hatukuwahi kuionja.

Sasa nifike kwenye kilichoninyima raha mwezi mzima. Jukwaa linahamia kwenye mtambo mpya, na mtambo huo haupokei mada iliyo wazi ambayo aliyeifungua hajaigusa kwa mwaka mmoja. Ama ifungwe, ama ifutwe. Kufuli alitakiwa kufunga zilizobaki na kutia sahihi fomu ya makabidhiano. Alifunga zote isipokuwa moja. Nilimkumbusha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kila mara alinitazama juu ya miwani kama mtu anayeombwa figo.

Mada yenyewe ina miaka kumi na minne. Iliandikwa na muuguzi mmoja, na inauliza swali ambalo kila mwanafunzi wa takwimu huuliza: tukitaka kujua vipimo vya sampuli vimetawanyika kiasi gani, kwa nini hatugawanyi kwa idadi ya watu wote waliopimwa, bali tunatoa mmoja kwanza? "Huyo mmoja amekwenda wapi?" aliandika. Kufuli alimjibu mara kumi na moja. Alitumia mfano wa viatu, wa balbu, wa dadu, wa wachezaji wa akiba. Kila mara muuguzi alirudi na maneno yale yale: "Samahani mwalimu, bado."

Kisha muuguzi akafungua mada ya pili, kuuliza tena upya, na Kufuli akaifunga kwa ile sentensi yake. Muuguzi hakuonekana tena jukwaani.

Haya sikuyajua. Nimeyajua wiki mbili zilizopita, nilipomfuata mezani nikiwa nimeshika fomu na hasira, nikamuuliza kwa nini mada moja inatushinda. Alinifungulia ukurasa. Chini ya jibu la kumi na moja, kila mwanzo wa muhula kwa miaka kumi na minne, kulikuwa na mstari mmoja aliouandika yeye: "Muuguzi, mada yako iko wazi." Aliniambia kwamba amewafungia watu mara elfu arobaini na moja na analala usingizi, lakini huyu alimfukuza, na hatatia sahihi kwamba amemaliza kazi wakati anajua hakuimaliza. Niliondoka na fomu yangu.

Nilifanya nilichopaswa kufanya kwa kanuni, yaani nilimtumia muuguzi barua pepe ya taarifa kwamba mada yake inakaribia kufutwa. Sikutegemea kitu. Anwani za miaka kumi na minne ni kama meno ya mtoto, hazikai.

Alijibu kesho yake, jukwaani, chini ya mistari yote ile. Hakufukuzwa na mtu. Alijifungua. Alirudi kazini na mtoto mchanga, na kwa kuwa kila mara alichelewa kufika kupanga ratiba, wenzake walichagua zamu zao naye akabeba iliyobaki, mwaka baada ya mwaka, hata muda wa kozi ukaisha. Mtoto huyo sasa yuko sekondari. Mama mtu alimaliza masomo yake kwingine na ni mkuu wa wodi. Akamalizia: "Ila mwalimu, kuhusu yule mmoja, nisikudanganye. Bado."

Kufuli hakula chakula cha mchana siku hiyo. Vidole viwili vilifanya kazi mpaka saa tisa, kisha likaingia jibu la kumi na mbili, fupi kuliko yote: "Wauguzi watano, zamu tano. Wanne wakishachagua, wa tano hachagui, anabeba iliyobaki. Ukijua zamu za wale wanne, ya kwake umeshaijua kabla hajafungua mdomo. Vipimo navyo ni hivyo: ukishajua wastani na vipimo vyote isipokuwa kimoja, hicho cha mwisho hakina uhuru. Hajaenda popote huyo mmoja. Yupo kazini. Tunagawanya kwa waliochagua."

Mimi nimefundisha kozi hii miaka sita. Na iwe siri ya jarida hili: nami nilielewa siku hiyo.

Muuguzi alijibu baada ya dakika ishirini. "Nimeelewa. Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?"

Kufuli alilisoma jibu hilo mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akavuta fomu yangu, akatia sahihi, akaniachia mada hiyo niifunge mwenyewe kama kazi yangu ya kwanza.

Sijaifunga. Tangu muuguzi alipoigusa, mtambo mpya umeipokea ikiwa wazi. Wanafunzi sitini na wawili wamekwisha kuingia chini yake kusema nao wameelewa, na asubuhi ya leo fundi cherehani mmoja ameandika kwamba zamu hazijui, maana anafanya kazi peke yake, na kwamba samahani, yeye bado. Kwa desturi ya meza hii, swali hilo limeshaulizwa.

Asante, mzee wetu, kwa miaka kumi na saba ya kutuudhi kwa haki. Nenda nyumbani, mtafutie shemeji miwani yake, na uwe na siku nyingi, njema na zisizo na arifa. Fundi cherehani niachie mimi.