Roketi Nene Kijiweni kwa Mirembe

Kijiwe cha Mirembe kiko Jebel, hapa Juba, nyuma ya wauza mabati, na benchi lake ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya injini mbili za lori zilizokufa zamani. Mirembe, Mganda wa watu, humimina kahawa ya tangawizi inayowasha koo hadi mnywaji akatubu, na wanaoinywa tangu asubuhi bila kuonekana wakienda kazini ni watatu. Wa kwanza Morris, Mkenya, fundi wa jenereta, waliyembatiza Gavana kwa sababu hata akiomba sukari hutoa amri. Wa pili Constantine, wa Uganda, mwendesha bodaboda, jina lake Rubani, kwa vile aliwahi kuruka mtaro kule Sherikat na abiria wawili nyuma na wote watatu wakatua. Wa tatu Emilio, mwenyeji, mwezekaji wa tukul, zile nyumba za duara za paa la nyasi, na kwa hiyo wao humwita Nyasi. Hakuna jambo chini ya jua ambalo hawa watatu hawalijui, na lile wasilolijua hulijua kwa sauti kubwa zaidi.

Ijumaa hiyo, saa sita mchana, Kerubo alifika mbio, mfuko begani, roketi ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa, na hata hajaketi alikuwa ameshaanza.

— Hamjambo jamani, Gavana nisaidie, saa kumi inaruka na wazazi wanakuja, na mwalimu Phineas yuko Nairobi mazishini hajarudi, na ile ya Alhamisi ya wiki jana iligeuka, ilipanda kimo cha mlango tu ikageuka ikaenda kwa watoto, na Rita wangu anakaa mstari wa mbele, kila mara wanamweka mbele kwa sababu ni mfupi.

— Mama Rita, kunywa maji kwanza, alisema Mirembe.

Aliyanywa amesimama. Yeye alikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya binafsi hapo Jebel, cheti chake ni cha kidato cha nne, na leo roketi nzima ilikuwa juu yake. Wanafunzi wa klabu ya sayansi walikuwa wamepiga kura roketi yao iwe na umbo la tukul, basi ikajengwa hivyo: kipande kifupi cha bomba la karatasi ngumu, lile linaloviringishiwa zulia la plastiki, nene kama paja la mtu mzima, juu yake paa la karatasi lililochongoka, chini mapezi matatu kama ya samaki. Injini ni ya karatasi pia, ndogo kama kidole gumba. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza iliungua Alhamisi ile, imebaki moja. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Moshi ulipita hatua mbili kutoka mguuni kwa Rita, na Rita alicheka, akapiga makofi, akasema irudi tena. Kicheko hicho ndicho kilichomnyima mama yake usingizi wiki nzima. Mwalimu mkuu naye alikuwa amesema neno moja tu: ikigeuka tena, klabu inafungwa.

Gavana aliichukua roketi, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza.

— Shida ni kwamba ni fupi.

— Hiyo tunaona, alisema Nyasi.

— Unaona, lakini hujui. Manze, kitu kifupi na kinene hakina adabu hewani. Umewahi kurusha mkuki? Unaenda. Rusha sufuria sasa.

— Mke wangu alirusha sufuria, alisema Rubani. Ilienda. Ilinipata.

— Ilikupata upande gani?

— Kitako ya sufuria.

— Si umeona? Iligeuka. Huo ni ushahidi.

Kerubo alitaka kucheka na alitaka kulia, akafanya la tatu, akafungua simu na kuwasomea ujumbe wa mwalimu Phineas. Ujumbe ulisema hivi: tafuta mahali ambapo roketi inalala sawa juu ya kidole kimoja, huko ndiko uzito ulipo, mahali hapo lazima pawe mbele ya mahali upepo unapoisukuma. Ndefu ina nafasi ya kuvitenganisha viwili hivyo. Fupi haina.

— Wamepanga chumba kimoja, alisema Gavana.

— Ndiyo, na ndiyo maana inabidi tuongeze uzito puani, ile sehemu ya uzito isogee mbele. Lakini anasema tusiongeze mwingi, kwa sababu injini ni ndogo, na kwa sababu kitu kinene upepo unajikunja nyuma ya kitako chake unakivuta kama mkia, kwa hiyo kinajisaidia chenyewe kidogo.

— Ngoja, alisema Rubani. Iko na mkia?

— Ni upepo, Rubani. Ni kama mkia.

— Basi muweke mkia ya kweli. Mimi iko na boda miaka nane. Nyuma iko mzito, mbele inanyanyuka, unaanguka. Mkia ya ng'ombe. Ng'ombe hapana geuka hewani.

— Ng'ombe haendi hewani, bwana.

— Kwa sababu hajapewa injini.

Nyasi alitema tangawizi kando, akajifuta mdomo. Alikuwa ameezeka nusu ya tukul za mtaa wa Juba Na Bari, au ndivyo alivyosema, na kwa habari ya paa lililochongoka hakuruhusu mtu kumtangulia.

— Ya jamaa, sikilizeni. Hili ni paa. Mimi najua paa. Paa linang'oka lini? Upepo ukiingia chini ukakosa pa kutokea. Toboeni juu, moshi utoke. Tena mnajaza uzito, uzito gani? Chukueni udongo wa huu mlima. Tangu babu zangu, Jebel Kujur haijawahi kupinduka.

— Hiyo ni kwa sababu ni mlima, Nyasi.

— Aiwa. Na kwa nini ni mlima? Kwa sababu ya udongo wake.

Hilo lilikuwa halina mahali pa kushikia.

— Mimi nasema izunguke, alisema Gavana. Pinda mapezi kidogo, izunguke kama rota ya jenereta. Kitu kikizunguka kwa kasi hakipinduki. Tena tukiweka waya wa shaba ndani, ikizunguka itatoa umeme, itawasha taa yake yenyewe.

— Saa kumi mchana? aliuliza Mirembe. Taa ya nini?

— Mirembe, mimina kahawa.

Kerubo aliwatazama. Aliwaona kwa mara ya kwanza jinsi walivyo, watu watatu wasiojua kitu na wasioogopa kitu, na ajabu ni kwamba kutoogopa kwao kulimwingia na yeye, polepole, kama joto la kikombe linavyoingia kiganjani. Akatoa uzi kwenye mfuko.

— Tunaijaribu kwa kamba, alisema. Tunaifunga hapo inapolala sawa, naizungusha kichwani. Ikitanguliza pua, ni nzuri. Ikitanguliza kitako, ni ile ya Alhamisi.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Nyasi kwa heshima, na wenzake wakaitikia kwa vichwa kana kwamba methali hiyo ilitungwa kwa kazi hii.

Kerubo akaifunga, akaibandika utepe uzi usiteleze, akasogea mahali pa wazi, akaizungusha. Tukul ilizunguka mara moja kwa ubavu, mara ya pili ikageuza kitako mbele, ikakataa katakata kurudi. Kerubo aliisimamisha.

— Sasa uzito, alisema. Gavana, una nini?

Gavana alikwenda kibandani kwake akarudi na vyuma vidogo tisa, vile vinavyogongewa kwenye rimu gurudumu lisitetemeke.

— Weka vyote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

— Hiyo methali si ya hapa, na vyote hapana. Viwili.

— Viwili ni aibu, mwalimu.

— Viwili, Gavana. Injini ni kama kidole gumba.

Hakuna aliyewahi kumsikia Kerubo akimkatalia Gavana. Walimwachia nafasi. Alivua paa, akabandika vyuma viwili ndani ya ncha kwa utepe, akalirudisha, akatafuta upya mahali pa kulala sawa, akafunga uzi, akazungusha. Safari hii pua iliyumba, ikafikiri, ikatangulia. Rubani alisimama juu ya benchi. Halafu paa likachomoka, likaruka peke yake na vyuma vyake, likaangukia jiko la Mirembe na kumwaga birika la kahawa iliyokuwa inachemka.

— Nani atalipa hiyo? aliuliza Mirembe, akilichomoa paa kwenye makaa kabla halijashika moto.

— Linacheza, alisema Gavana. Kitu kikicheza, unafanya nini?

— Unakaza, walisema Rubani na Nyasi pamoja, maana hilo lilikuwa neno lake kila siku ya Mungu.

Gavana alikuwa na gundi ya tyubu mbili, ile anayozibia matangi ya mafuta. Aliichanganya juu ya kipande cha bati, akapaka ukingo wote wa bomba kwa uangalifu wa mtu anayempaka mtoto mafuta, akalishindilia paa, akalishika huku anahesabu kimya. Kerubo alikuwa anatazama saa. Baada ya dakika kumi huwezi kulitenganisha paa na bomba hata kwa patasi. Kerubo akazungusha kwa mara ya tatu, na tukul ikaenda. Pua mbele, mzunguko baada ya mzunguko, haikuyumba wala kutetemeka, uzi ukiimba, na wauza mabati wakatoka nje kutazama. Akaizungusha kinyume. Ikajigeuza yenyewe, ikatanguliza pua tena.

— Kalas, alisema Nyasi. Imekwisha. Hata upepo wa mlima hauiwezi.

— Niliwaambia mkia, alisema Rubani.

— Mimi nimesema kaza, na nimekaza, alisema Gavana. Mama Rita, wewe sasa nenda uketi kiti cha wageni.

Kerubo alicheka, kicheko cha kwanza wiki nzima. Akilini alimwona Rita mstari wa mbele, na roketi inapanda juu ya kichwa chake, inanyooka, inaendelea kupanda mpaka watoto wote wameinua shingo.

Hapo ndipo liliposimama tanka la maji, na dereva akashuka. Aliitwa Bona, hakuwa mtu wa kijiwe, alitaka kahawa tu. Akaambiwa kahawa imemwagika. Akaambiwa kwa nini. Aliichukua roketi mikononi, akaigeuza, akajaribu paa kwa vidole, akaona limeshika.

— Nzuri, alisema. Ikifika juu, inashukaje?

Rubani alimtazama Gavana. Gavana alimtazama Nyasi. Nyasi alitazama mlima.

— Inashuka tu, alisema Rubani. Kila kitu inashuka.

— Juu ya nani? aliuliza Bona, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia.

Kerubo aliushika mfuko wake. Paa lilitakiwa kuchomoka. Mafuta ya injini yakiisha, baruti kidogo hulipiga kwa ndani, linaruka, mwavuli unatoka, roketi inashuka taratibu. Mwavuli wenyewe alikuwa ameutoa asubuhi ili mkono wake upite akikagua ndani, ulikuwa ndani ya mfuko, umekunjwa vizuri pamoja na sweta ya Rita. Wiki nzima alikuwa ameogopa kupanda. Hakuwa amepata nafasi ya kuogopa kushuka, na sasa alikuwa na kitu kizito kilichochongoka, kinachojua kutanguliza pua bila kukosea, kwenda juu na kurudi chini.

Alitoa simu. Watatu wale walijua anampigia nani na hakuna aliyetoa ushauri.

— Mwalimu mkuu, ni Kerubo. Leo haturushi. Hapana, haijaharibika, iko vizuri kuliko Alhamisi, ila haishuki salama. Ndiyo, najua wazazi wako njiani. Najua ulisema hivyo kuhusu klabu. Waambie ni mimi nimekataa, na kama ni kufunga, nitakuja mwenyewe Jumatatu unifungie mimi, si watoto.

Akasikiliza kwa muda mrefu. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa na mbio.

— Jumatano. Asante, mwalimu.

Akairudisha simu mfukoni, akaketi kwenye benchi kwa mara ya kwanza tangu afike, akamwekea Gavana roketi magotini na kuonyesha kwa kidole, chini kidogo ya paa.

— Leta msumeno. Kata hapa.

— Hapa? Gavana alipitisha gumba juu ya gundi yake, laini, haina hata tundu la sindano. Lakini Mama Rita, imeshika vizuri sana.

— Naona, alisema Kerubo. Kata.